Birika Lililohesabiwa Nyumba Nne

Nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza bei. Sisemi kununua, maana pesa ya kununua haikuwapo; nasema kuuliza. Jumamosi nilipopata nafasi nilishuka kwa miguu hadi Makambako na kikapu cha viazi kichwani, na nikishaviuza nilisimama mbele ya kaunta ya duka la Mhindi nikaanza. Chumvi kibaba kimoja senti ngapi? Mafuta ya taa chupa moja? Sabuni ya mche, ukinikatia nusu? Kaniki? Blanketi lile lenye mstari mwekundu? Mwenye duka alikuwa mzee mpole, na alikwisha kunizoea. Akiniona tu mlangoni aliuliza, "Mama, leo unanunua au unasoma?" Nami nilimjibu, "Leo nasoma."

Jambo moja lilinisumbua sana. Chumvi ile ile, ya gunia lile lile, kwa nini ilikuwa ghali zaidi Njombe kuliko pale Makambako? Nilimuuliza. Akaniambia ni lori. Lori linakunywa petroli, na likipanda kwenda Njombe linakunywa zaidi. Njia nzima ya kurudi niliwaza habari hiyo. Kumbe mtu wa Njombe akitia chumvi kwenye maharage anamlipia na yule dereva kupanda mlima! Nilimweleza kila niliyekutana naye njiani, na wengi walinitazama kama mtu aliyepigwa jua.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu mmoja, kandokando ya barabara ya Makambako na Njombe, karibu zaidi na Makambako. Ilikuwa miaka ya Mwingereza, baada ya vita kuu ya pili. Shamba lilikuwa na pareto, ngano na miti ya miwati ya kuuza magome, na mume wangu alikuwa fundi wa kufundisha maksai. Plau zote za shamba lile na magari yote ya kukokotwa yalivutwa na ng'ombe waliopita mikononi mwake.

Na mwangu pia, niseme ukweli. Watu hudhani ng'ombe anafundishwa kwa kiboko. Kiboko ni cha watu wavivu. Maksai wawili huchaguliwa wakiwa na nguvu lakini bado hawajawa wakaidi, wanafungwa shingo kwa shingo kwa kamba fupi na kuachwa zizini wagombane mpaka wachoke kugombana. Kisha wanavishwa nira tupu. Kisha nira na mnyororo, wausikie ukilia nyuma yao. Kisha gogo. Plau ni mwisho kabisa. Siku zote hizo mmoja anatembea nyuma akisema nao, na mwingine anakwenda mbele na kamba. Huyo wa mbele nilikuwa mimi. Mume wangu aligundua kwamba maksai wakali walinifuata kwa sababu nilikuwa na chumvi kiganjani, na baadaye walinifuata hata kiganja kikiwa kitupu. Wanaume wa shamba walicheka. Kwetu kushika jembe la mkono ni kazi ya mwanamke, lakini ng'ombe ni mambo ya wanaume. Mimi sikuwajali. Nilitaka kujua ng'ombe anafikiri nini anapovishwa nira mara ya kwanza, na mpaka leo sijajua.

Sasa, mshahara. Shamba lilitoa kipande, karatasi ngumu yenye vyumba thelathini, na kila jioni mnyapara alitia alama kwenye chumba kimoja kwa kazi ya siku hiyo. Vyumba vikijaa vyote, ndipo unalipwa. Lakini maksai akishavishwa nira mara ya kwanza lazima umpumzishe siku mbili, umguse tu, umkune, umsemeshe, azoee kwamba mtu si adui. Usipofanya hivyo utamharibu maisha yake yote. Siku hizo mbili mnyapara alipita zizini, akamkuta fundi anakuna ng'ombe nyuma ya masikio, akatazama shambani hakuona mfuo hata mmoja, akaondoka bila kutia alama. Na kwa kuwa jozi mpya hazikuisha, mwezi wa mume wangu ulichukua karibu miezi miwili. Na kipande kikijaa, alilipwa sawa na kibarua wa kuchuma pareto.

Mimi, na ugonjwa wangu, nilikuwa nimepiga hesabu hiyo zamani. Mshahara wa kipande kimoja, ukitoa kodi, ukatoa chumvi, sabuni, na mafuta ya taa, uliacha fedha ya nusu blanketi. Nani anauza nusu blanketi? Tulikuwa na blanketi moja, na wanaoijua baridi ya kule mwezi wa saba wananielewa. Mtoto wetu alilala katikati yetu, na wala si kwa mapenzi peke yake.

Mwaka ule mume wangu alianza kusema habari za mkonge. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wakienda Tanga kukata mkonge kwa mkataba, na Makambako palikuwa na wakala aliyewaandika. Ukikubali unapewa blanketi siku hiyo hiyo, na lori linakuchukua. Sikutaka aende. Nilikuwa nimewaona waliorudi, na nilikuwa nimewahesabu wasiorudi. Usiku nilimsikia akigeuka upande huu na upande ule, nikajua analisikiliza lile lori.

Kabla ya kuamua alimwendea mwenye shamba akamweleza habari ya vipande na siku za kupumzisha, akaomba alipwe mshahara wa fundi, kama seremala. Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuongozwa na karatasi. Alisema kuna mzungu wa serikali atakayepita mashambani kuchunguza watu wanaishije, wanakula nini, wananunua nini, na mshahara unawatosha au hauwatoshi. "Akiandika kwamba haukutoshi," alisema, "nitakulipa kama fundi. Asipoandika, siwezi." Mume wangu akarudi nyumbani akaniambia, "Mama, nitaingoja karatasi hiyo. Ikija vizuri sitakwenda popote."

Nilifurahi mpaka nikamrusha mtoto hewani. Nani angeweza kueleza maisha yetu kuliko mimi? Nilijua bei zote za Njombe na za Makambako, za masika na za kiangazi. Nilimsubiri mzungu yule kama mtu anayesubiri mtihani alioukariri.

Siku tatu kabla hajafika, mama mkwe wangu akaja kutoka Lupembe amebeba maharage. Aliposikia mgeni wa serikali anakuja nyumbani kwa mwanawe, alitazama chumba chetu, akatazama kigoda kimoja na chungu kimoja, akaweka mikono kiunoni.

"Mgeni atakaa wapi?" akauliza.

"Mama, huyu anakuja kutazama shida zetu," nikamwambia.

"Shida zako unamwonyesha mgeni? Umelelewa na nani wewe?"

Sasa hapo ndipo mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa. Kwetu mgeni haambiwi habari ya njaa. Anaweza kukuta hujala siku mbili, nawe utasema tumeshiba, kisha utapita mlango wa nyuma kwenda kuazima unga. Hilo haliitwi uongo, na hakuna anayelifundisha, unalinyonya tu. Nilijaribu kubishana, lakini hata nilipokuwa nikibishana miguu yangu ilikuwa tayari njiani kwenda kuazima.

Viti viwili vilitoka kwa mwalimu wa misheni. Mablanketi mawili yalitoka kwa majirani, ili kitanda kionekane kitanda. Sukari ilitoka kwa mke wa dereva wa shamba. Na mke wa mpishi wa mwenye shamba alitupa birika lake la chai, la bati la rangi ya buluu, lililovunjika kidogo ncha ya mdomo, kitu kizuri kuliko vyote kwenye mstari wetu wa nyumba. Kuku alikuwa wetu wenyewe. Tulikuwa naye mmoja tu, na alikuwa akitaga.

Mzungu akaja asubuhi, kijana mrefu, pua imeungua na jua, pamoja na karani aliyetafsiri. Aliinama sana kupita mlangoni, akampa mkono kila mmoja wetu, na akasema, "Kamwene!" Salamu yetu, kwa Kibena! Mama mkwe alishika mdomo. Basi, tukaisha. Laiti angeingia na ukali, labda ningeweza kusema kweli. Lakini mtu aliyejifunza salamu yako, utamwambia hukula jana?

Nami nilimpenda, sifichi. Alikuwa na ugonjwa kama wangu. Alitoa mizani ya ndoana mfukoni akaupima unga wetu, akapima hata mzigo wa kuni, akageuza chungu kutazama chini yake. Aliandika kila kitu kwenye daftari pana lenye mistari. Nilitamani kulishika lile daftari. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mwingine duniani anayetaka kujua familia moja inatumia chumvi kiasi gani kwa wiki.

Akaanza kuuliza. "Jana usiku mlikula nini?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu nyumbani kwake? Mama mkwe akajibu, "Mwambie tulishiba." Karani akatafsiri, mzungu akaandika.

"Nyama mnakula mara ngapi kwa mwezi?"

Wakati huo mgeni alikuwa ameshika paja la kuku. Mume wangu alilitazama lile paja, akanitazama mimi, akatazama chini. "Kama unavyoona," akasema.

Kisha mzungu akanigeukia, na karani akaniuliza, "Mama, mshahara wa bwana wako unatosha kununua mahitaji ya nyumba?" Swali lenyewe. Nililingoja wiki nzima. Bei zote zilikuwa zimepanga mstari kooni, chumvi mbele, blanketi nyuma. Nikamtazama mgeni akikaa kwenye kiti cha mwalimu, akinywa chai ya sukari ya mke wa dereva, na jasho limemtoka kwa ajili ya kupanda mlima wetu. Nikasema, "Tunashukuru. Tunapata ya kutosha."

Mdomo ule ule uliomchosha Mhindi wa watu!

Aliandika pia vitu vya ndani: viti viwili, mablanketi matatu, birika moja. Alipoaga, mke wa mpishi alikuwa anasubiri nyuma ya nyumba. Alilibeba birika likiwa bado la moto, akakimbia nalo, maana nyumba iliyofuata ilikuwa yake. Kutoka hapo lilikwenda kwa mke wa dereva, na kutoka kwa dereva likaenda kwa mzee wa kuchunga kondoo. Nyumba nne. Katika nyumba ya nne nilikuwepo, nimekwenda kusaidia kuchemsha maji, na nilimwona mzungu akilitazama lile pengo kwenye ncha ya mdomo kwa muda mrefu. Nikaacha kupuliza moto. Lakini alitabasamu tu, akaandika. Nadhani aliona kwamba duka la Makambako huuza mabirika ya aina moja.

Jioni ile tulicheka sana, na mama mkwe alicheka kuliko wote. Mgeni amekaribishwa, hakuna aliyeaibika. Mume wangu naye alicheka, ila alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Karatasi ilikuja baada ya mavuno. Mwenye shamba alimwita mume wangu barazani akamsomea: watu wa shamba hili wanakula vizuri, wana nyama, wanakunywa chai na sukari, kila nyumba ina birika na vitanda vyenye matandiko, mshahara unatosha. Aliikunja. "Mimi ningelipa," alisema, "lakini ninyi wenyewe mmesema." Mume wangu alitaka kumweleza. Alifungua mdomo, kisha akakumbuka kwamba akisema birika liliazimwa, atakuwa ameshitaki nyumba nne kwa kuidanganya serikali, na nyumba hizo zilifanya hivyo kwa wema. Akashukuru, akatoka.

Nyumbani hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Ningefurahi angepiga kelele. Nilimwambia, "Ni mimi. Aliniuliza mimi." Akasema, "Hata mimi aliniuliza, nikamwonyesha kuku."

Wiki iliyofuata nilimsindikiza Makambako. Aliandikwa, akapewa blanketi, na pale pale akatufunika nalo mimi na mtoto. Akapanda lori na shati lake tu. Alisema atakaa miezi tisa. Alikaa miaka minne, lakini siku ile hatukujua, tukaagana kama watu wa miezi tisa. Nilipita mbele ya duka la Mhindi bila kuuliza kitu.

Zizini walikuwa wamebaki maksai wawili waliofika hatua ya mnyororo, mmoja mwekundu, mmoja wa madoadoa. Mnyapara alijaribu wanaume watatu. Yule mwekundu alimpeleka mmoja mpaka kwenye boma la miiba. Hatimaye akaja mlangoni kwangu, hanitazami usoni, akasema niende "kuwashika tu kidogo." Nikawashika. Nilifunga mtoto mgongoni, nikaenda mbele na kamba, kisha nikajifunza kwenda nyuma pia, nikiongea kama alivyoongea yeye. Wale wawili walilima, na baada yao wengine wawili. Malipo yangu yalikuwa ya kumwongoza ng'ombe, kiasi wanachopewa watoto, pamoja na posho ya unga. Kwa malipo yale chumvi ya ng'ombe niliitoa mimi wakati mwingine, na siku nyingine ng'ombe ndio walionipa mimi, maana ile iliyobaki kiganjani nilikwenda nayo jikoni.

Mwaka ukazunguka, na mzungu wa pua iliyoungua akarudi. Safari hii alikuwa peke yake, maana alikwisha kujifunza Kiswahili, cha kutafuta maneno lakini kinaeleweka. Mama mkwe alikuwa Lupembe. Kuku hakuwapo. Mke wa mpishi alinipigia kelele toka mbali, "Dada, nilete birika?" Nikamwambia, "Liache huko huko."

Nilimkalisha kwenye kigoda. Kabla hajauliza, nilianza. Nikampa bei ya chumvi ya Makambako na ya Njombe, na sababu ya tofauti. Nikampa sabuni, kaniki, mafuta ya taa, kodi. Nikamweleza kipande kinavyojazwa na siku za kumpumzisha maksai zinavyopotea. Nikamwambia jana nilikula viazi bila chumvi. Nikamwambia na habari ya birika, nyumba zote nne, kwa kuwa mpishi, dereva na mzee wa kondoo walikuwa wamenipa ruhusa. Kalamu yake ilikimbia. Alijaza ukurasa, akafungua mwingine. Mara aliniuliza kitu tena ili apate senti kamili, na mimi nilikuwa nayo. Sijawahi kuongea na mtu kwa raha namna ile.

"Kwa nini hukusema mwaka jana?" akauliza.

"Ulikuwa mgeni."

"Na leo?"

"Leo nimechoka, Bwana."

Aliitikia kwa kichwa. Alirudi juu ya ukurasa, kwenye mstari aliokuwa ameuacha. "Mume wako, fundi wa maksai, yuko wapi?"

"Yuko Tanga, anakata mkonge."

Kalamu ikasimama. Aliniuliza aliondoka lini, nikamwambia. Akapapasa ukingo wa daftari. Kisha akanieleza, polepole, akitafuta kila neno, kwamba nyumba zinazoandikwa ni zile za mwaka jana, za wanaume wale wale wenye kazi zile zile, ili mwaka ulinganishwe na mwaka. Nyumba ambayo mwanamume wake ameondoka inatolewa kwenye hesabu.

"Fundi wa maksai ni mimi sasa," nikasema. Nikamwonyesha viganja, mahali kamba ilipokula ngozi.

Alivitazama kwa makini, kama alivyotazama kila kitu. Nadhani alisikitika kweli. Akachukua rula, akapiga mstari kwenye ukurasa wa kwanza, pembe hadi pembe, juu ya bei zangu zote, na mwingine kwenye ukurasa wa pili. Akaniomba radhi, akaomba maji ya kunywa, nikampa. Akanywa, akaenda nyumba ya pili.

Nilirudi zizini, maana kulikuwa na maksai wapya waliovishwa nira asubuhi ile na hawakupaswa kuachwa peke yao. Siku ya lori kule Makambako sikulia. Nilimpungia mkono mpaka vumbi likatulia. Nililia siku hii, nimeegemea shingo ya ng'ombe asiyenizoea bado, na yeye akasimama, akaniacha nilie.